Sura ya Saba: Kuuhamishia Mlima Kitonga Mezani

Washa gari dogo lililotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, uliwashie Ilula au Ipogolo, na huenda mwanamke asiyeonekana akakusemesha Kijapani. Anakuarifu kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara za mwendokasi za Japani bila kusimama getini, ulioanza kutumika huko mwaka 2001, na kadi yake haina kazi yoyote kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa mjini. Redio ya gari hilo inaishia megahezi 90, kwa kuwa ndivyo masafa ya Japani yalivyogawanywa, hivyo stesheni nyingi za kwetu hazipatikani mpaka fundi apachike kifaa cha kuhamisha masafa. Skrini ya ramani nayo haijui kwamba kuna nchi iitwayo Tanzania. Mwenye gari hucheka siku ya kwanza, huuliza uliza siku ya pili, na wiki ikiisha hasikii tena kitu.

Wanaobuni vifaa vya ndani ya gari hudhani dereva hukaa kwenye usukani akiwa tayari kusikiliza. Wa kwetu amekwisha kufundwa, kwa miaka, kwamba gari likisema liachwe liseme. Taa ya injini inawaka tangu gari lishushwe bandarini na safari zinaendelea. Anayetaka kumwekea dereva huyo onyo jipya, liwe taa, mlio au sauti ya Kiswahili, hana budi kulijaribu kwanza kwake yeye, katika barabara yake, akiwa na shughuli nyingi mikononi. Hapo ndipo linapokuja suala la simyuleta, chombo cha kuigiza udereva. Sura hii inaeleza namna ya kukiunda kwa ajili ya barabara moja tu, ile inayopanda Mlima Kitonga wilayani Kilolo.

Kwa nini Kitonga? Kwanza, onyo tunalolizungumzia tayari lipo barabarani. Mabasi ya mikoani yamefungwa vifaa vya mfumo wa kufuatilia mwenendo unaosimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Dereva hujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka, kifaa hutuma mahali basi lilipo na mwendo wake, na mwendo ukipita uliowekwa mlio hupigwa ndani ya basi. Napenda jambo moja katika mpango huo, nalo ni kwamba abiria pia husikia. Mlio unaosikiwa na watu hamsini ni mgumu kupuuzwa kuliko taa inayoonwa na mmoja. Lakini kengele yoyote iliyofungamanishwa na namba moja, tuseme kilomita 80 kwa saa, inatosha kwenye tambarare ya mibuyu pale Ruaha Mbuyuni, na mlimani inakosa la kusema. Basi au semi linaloshuka Kitonga kwa kilomita 50 kwa saa likiwa kwenye gia isiyofaa limeshaingia hatarini, na kengele iko kimya kwa sababu hesabu yake haijavunjwa.

Tufanye hesabu yenyewe. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa barabarani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56. Lori la uzito huo likishuka mita 100 za kimo, nishati inayopaswa kumezwa ni karibu megajuli 55. Ukiigeuza kuwa umeme wa LUKU ni uniti 15, na Kitonga ni mita mia kadhaa za kimo. Nishati hiyo lazima iende mahali. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo anaiachia injini ibebe sehemu kubwa. Anayeshuka kwa gia kubwa, au aliyeweka gari huru ili kubana mafuta, anazibebesha breki mzigo wote, nazo huugeuza kuwa joto mpaka zinafika mahali pa kutoshika. Onyo la zamani kuliko yote dhidi ya hali hiyo ni harufu. Utingo hulinusa kabla ya dereva, hutoa kichwa dirishani, huangalia moshi. Tatizo la harufu ni kwamba huja baada ya joto, na mlimani kuchelewa kwa kona mbili ni kuchelewa kabisa.

Basi tuseme unataka kutengeneza onyo linalokuja kabla ya harufu. Una mawazo matatu: taa nyekundu kwenye dashibodi, mlio unaoongezeka kasi kadiri breki zinavyopata moto, au sauti ya mtu inayosema, "Punguza gia." Lipi lifungwe? Huwezi kuyapeleka yote matatu Kitonga kwenye semi lililojaa shaba ya Zambia ukaangalia lipi litamfikisha dereva chini salama. Unahitaji mlima usioua.

Wazungu na Wajapani walishafika huko, kwa fedha nyingi. Marubani ndio waliotangulia: Edwin Link wa Binghamton, Marekani, alikuwa na mashine yake ya kufundishia urubani tangu 1929. Upande wa magari, taasisi ya VTI ya Sweden ilikuwa na simyuleta katikati ya miaka ya 1980, na Daimler-Benz ilizindua ya kwake Berlin mwaka 1985, kuba kubwa lililosimama juu ya miguu sita ya haidroliki, gari zima likiwa ndani. Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza kina kuba la aina hiyo, na Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kina kubwa zaidi. Ukiziangalia picha zake unaweza kukata tamaa ukafunga kitabu. Usifunge. Miguu ile sita hutikisa mwili wa dereva, na sisi tunachotaka kujua kiko kwenye macho na akili yake.

Aliyelionyesha hilo waziwazi ni Mmarekani John Senders, katika miaka ya 1960. Alivaa kofia ngumu yenye kifuniko kinachoshuka mbele ya macho, akaendesha gari katika barabara kuu ya kweli. Kifuniko kikishuka haoni kitu. Akikifungua anaona kwa muda mfupi, kisha kinashuka tena. Aligundua kwamba barabara iliyonyooka humruhusu dereva kukaa gizani kwa muda mrefu kidogo, na kona au magari mengi humlazimisha kufungua mara kwa mara. Yaani barabara ina madai yake juu ya macho, na madai hayo hupimika. Mwaka 2011 walimpa Senders tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Nadhani walimpunja. Karibu kila kipimo cha skrini za magari kinachotumika leo kina deni kwa kofia ile.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni sekunde mbili. Utafiti wa Virginia Tech uliofuatilia magari 100 na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba dereva anayeondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili huongeza hatari ya ajali angalau maradufu, na miongozo ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ya mwaka 2013 ikataka kila mtupo wa jicho uishie ndani ya sekunde hizo, na kazi nzima ndani ya sekunde 12. Watengenezaji wengi hawafiki. Jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, mwaka 2022 liliwapa madereva kazi ndogo ndogo za redio, joto na taa wakiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kubonyeza walimaliza kwa sekunde 10, wakiwa wametembea mita 306. Katika MG mpya yenye skrini ya kugusa walichukua sekunde 44.9 na mita 1,372.

Sekunde mbili kwa kilomita 80 kwa saa ni mita 44 za tambarare. Kitonga, kwa kilomita 30 tu, ni kama mita 17, na mita 17 ndani ya kona kali zinatosha kukutoa upande wako ukakutana uso kwa uso na lori linalopanda. Namba iliyopatikana kwenye barabara pana za Virginia haihamishiki hivi hivi hadi Kilolo. Kimoja kati ya vipimo maarufu zaidi vya mezani, kilichowekwa kuwa kiwango cha kimataifa ISO 26022 mwaka 2010, humtaka dereva ahame kutoka njia moja hadi nyingine katika barabara iliyonyooka yenye njia tatu, kwa kilomita 60 kwa saa, bila gari jingine lolote. Ni kipimo safi na rahisi, na programu yake inaenea kwenye kompyuta ya kawaida. Ila tangu Mahenge hadi Ilula hakuna mahali dereva atakuta njia tatu, zote zake, zote tupu.

Kwa hiyo mlima wenyewe ndio kazi ya kwanza, na ndiyo iliyo nono.

Umbo la ardhi linapatikana bure. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kimo cha nchi kavu kwa rada, na vipimo vyake, nukta moja kwa kila mita 30 hivi, viko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mstari wa barabara unachukuliwa kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ukivipandanisha viwili hivyo utafurahi kwa dakika moja, kisha utaona barabara yako inapanda na kushuka ovyo. Ubavuni mwa mlima, mita 30 za pembeni zinaweza kuwa ukuta wa mwamba upande huu na korongo upande ule, kwa hiyo nukta hazijui lami iko kimo gani. Dawa ni kufanya kama walivyofanya wakandarasi wenyewe. Barabara hii ya kwenda Zambia iliwekwa lami mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wakati Zambia ilipokuwa ikitafuta njia ya kupitisha mafuta na shaba baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965. Wajenzi walichagua kwanza mwinamo ambao lori lingeuweza, halafu wakaukata mlima uufuate. Nawe panga mwinamo wa barabara kwanza, kwa simu inayorekodi kimo ukipanda na basi, kisha ukate mlima wa kwenye kompyuta.

Mlima ukishapatikana, ujaze watu. Hapa ndipo simyuleta zilizokwisha kutengenezwa zinaposhindwa kabisa. Fungua CARLA, iliyotolewa bure mwaka 2017 na inayotumiwa sana na watafiti wa magari yanayojiendesha, au OpenDS ya Wajerumani, ambayo ilitengenezwa mahususi kwa kujaribia vifaa vya ndani ya gari. Magari yake yana adabu. Yanafuata mstari, yanawasha indiketa yanapokata kona, yanasimama kwenye taa. Dereva wa Kitonga anafuata lori linalopanda polepole mno, haoni mbele, na anachosubiri ni indiketa ya lori hilo. Ikiwaka ya kushoto anaambiwa apite. Ikiwaka ya kulia anaambiwa atulie, kuna gari linashuka. Mara nyingine ya kulia ina maana yake ya vitabuni tu, kwamba lori linaingia kulia, na kulitambua hilo kunataka uangalie mahali ulipo, tairi za mbele, na kama kuna njia ya kuingilia. Kuna taa za mbele zinazomulikwa mara mbili kumwonya mwenzako kwamba kuna tochi ya trafiki. Kuna matawi mabichi yaliyolazwa barabarani, ishara kwamba lori limekufa baada ya kona. Kuna mtu anayevuka akiwa na ndoo ya nyanya.

Mambo haya yote ni ya lazima, kwa kuwa ndiyo yanayoyala macho ya dereva. Ukiyaondoa, taa yako nyekundu itaonekana kila mara na utajipongeza bure. Ukiyaweka, utajua kama taa inaonekana pale dereva alipokazia macho indiketa ya lori la mbele, na hapo ndipo nadhani taa itashindwa. Weka pia usiku, kwa sababu tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Weka na ukungu. Wanaokwenda Kilolo yenyewe, juu kwenye misitu ya mbao na utelezi wa udongo mwekundu, watakuambia ukungu wao ni mzito kuliko wa Kitonga, na hiyo ni barabara nyingine ya kujengwa siku nyingine.

Vifaa havina maneno mengi. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, televisheni tatu zilizopangwa nusu duara, usukani wa kuchezea michezo wenye pedali tatu na gia. Kiti kinatoka gereji, cha Fuso lililopinduka au cha Noah iliyochakaa, na fremu ni mbao za msonobari, ambazo Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kukosa. Usukani aina ya G29 huzunguka nyuzi 900, mizunguko miwili na nusu, na wa lori hutaka zaidi, kwa hiyo dereva wa semi atalalamika kuwa ni mwepesi mno. Mbadilishie kwa programu kadiri inavyowezekana. Usijinyime spika. Dereva asiyesikia injini huendesha kwa kasi kuliko anavyodhani, na dereva wa lori hubadilisha gia kwa sikio. Nunua na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya jaribio jaribio limekufa.

Breki zinahitaji ukweli kidogo. Mistari michache ya programu inatosha: kila pedali inapokanyagwa joto linapanda kulingana na uzito, mwendo na mwinamo; pedali ikiachiwa linashuka taratibu; joto likipita kiwango fulani nguvu ya breki inapungua. Harufu hutaiweka, na ni pengo la kukiri mbele ya kila dereva kabla hajaanza.

Onyo lenyewe lisijengwe mapema. Taa na mlio vinaweza kutoka kwenye tableti iliyobanwa kwenye dashibodi ya mbao. Sauti ya Kiswahili haihitaji mashine inayozungumza. Mtu aketi nyuma ya pazia akiwa na skrini inayomwonyesha joto la breki, na vitufe vya sentensi zilizorekodiwa. Njia hii ya mtu kujifanya mashine ina miongo kadhaa katika utafiti wa kompyuta. Faida yake ni kwamba sentensi hubadilishwa papo hapo. Huenda "Punguza gia" ikamkera dereva wa miaka ishirini barabarani, na "Breki zinapata moto, kaka" ikamfanya aangalie. Au kinyume chake: dereva wa makamo wa Iringa hataki kuitwa kaka na chombo. Mambo haya hayajulikani kwa kukisia, na kuyajaribu hapa hakugharimu hata shilingi.

Upimaji uwe wa aina mbili. Kamera ndogo ielekezwe usoni, halafu mtu aihesabu picha kwa picha: macho yaliondoka barabarani lini, yakarudi lini. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayoaminika kuliko zote. Aina ya pili ni kijitaa kinachowaka pembeni ya jicho kila baada ya sekunde tatu hadi tano, na swichi iliyofungwa kwenye kidole cha dereva. Kikiwaka anabonyeza. Akili ikizidiwa anachelewa au anasahau kabisa. Kiwango chake ni ISO 17488 cha mwaka 2016, na mwanafunzi mwenye Arduino, kibao kidogo cha kielektroniki, anaweza kukiunda mwenyewe. Kila dereva aonje maonyo yote matatu, kwa mpangilio tofauti na mwenzake, vinginevyo utapima mazoea ukidhani umepima kifaa.

Wanabaki watu. Dereva wa kazi akiona kamera hudhani nyuma yake yuko tajiri, au trafiki. Ataendesha kwa heshima ambayo Kitonga haijawahi kuiona, na vipimo vyako vitakuwa vya uongo. Mwambie mapema, kwa maandishi na kwa mdomo, picha zitaonwa na nani na zitafutwa lini, na usimwalike kupitia kwa mwajiri wake. Mpe nafasi aikosoe barabara. Atakuambia kona ya tatu imekaa vibaya, na mara nyingi atakuwa na haki. Kuirekebisha mbele yake humfanya aanze kuendesha kwa kweli.

Kisha kuna kichefuchefu. Macho yanasema tunapinda kona, masikio ya ndani yanasema tumekaa kitini, na tumbo ndilo linalolipa. Kona mfululizo ndizo mbaya zaidi, na Kitonga ni kona mfululizo. Anza safari kwenye tambarare ya Ruaha Mbuyuni ili mtu azoee, weka feni, punguza ucheleweshaji kati ya usukani na picha, kata safari katika vipande vifupi. Anayesema amechoka aachwe mara moja. Na asiondoke kwa bodaboda anayoiendesha mwenyewe mpaka apumzike vya kutosha.

Ukipata matokeo, yasome kwa mpangilio wake zaidi ya namba zake. Mholanzi G. J. Blaauw alilitenganisha jambo hili mwaka 1982: simyuleta inaweza kukosea kiasi, ikasema sekunde moja na nusu ambapo barabarani ni mbili, na bado ikawa sahihi kuhusu kifaa kipi kinachelewesha kuliko kipi. Mlio ukiishinda taa kwa madereva karibu wote, mchana na usiku, nyuma ya lori na bila lori, hilo linaaminika. Ukishinda kwa nusu sekunde, nusu sekunde hiyo usimpelekee mtu yeyote kama ahadi. Kinachofuata ni lori la kweli: lisilo na mzigo, mchana, likipanda, mwalimu wa udereva akiwa kiti cha pili. Baadaye likishuka, bado tupu. Mzigo hupakiwa mwisho, na tableti ikiwa imeunganishwa na kipimo halisi cha joto kwenye ngoma za breki.